Majirani wa Endebess

Jumanne jioni baba aliniambia kwamba Jumamosi nitakwenda Endebess kukaa na shangazi yetu Rosaline. Alisema ng'ombe wa shangazi anakaribia kuzaa na hakuna mtu wa kumsaidia. Nilimuuliza kama ng'ombe huyo huzaa kila tunapopata wageni. Baba hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka kwenda kuangalia tangi la maji.

Sote wawili tulijua sababu. Jumamosi hiyo ya Agosti 2006, watu wa Bungoma walikuwa wanakuja kwetu Kitale kujua boma. Mdogo wangu Mukami alikuwa amempata Khisa, karani katika ofisi ya serikali, kijana mpole wa Bumula. Kwetu Wakikuyu, wazazi wa kijana huja kwanza kuliona boma la msichana. Kwao Wabukusu, ziara kama hiyo ni uchunguzi pia. Mama zao huangalia watu kuliko nyumba. Huuliza kwa upole kama katika ukoo kuna kifafa, wazimu au ugonjwa wowote unaofuata damu. Mimi nilikuwa jibu ambalo baba hakutaka walipate.

Mwaka 1999 alikuwa amefanya vivyo hivyo kwa ajili yangu. Wazazi wa Wekoye, mwalimu niliyesoma naye chuoni, walipokuja kutuona, tata Rosaline hakuwapo. Tata ndivyo tunavyowaita shangazi zetu. Alikuwa na rovu, uvimbe mkubwa mbele ya shingo, na macho yaliyotokeza kama ya mtu aliyeshtuliwa ghafla. Tuliambiwa ng'ombe wake anazaa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na cheti cha ualimu mkononi, na sikuuliza swali hata moja. Kusema kweli, nilifurahi.

Kuhusu shingo ya tata, baba alikuwa na maelezo yaliyokamilika. Alisema ni maji. Wazazi wake walihama Nyeri miaka ya sitini, wakapata shamba Endebess, wakanywa maji ya mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Maji hayo, alisema, huvimbisha shingo. Ndiyo maana alituhamishia Kitale kabla sijaanza shule. Ndiyo maana tulikunywa maji ya mvua peke yake, na aliyeonekana akinywa ya kisimani alichapwa. Mama yetu alipofariki, baba aliendelea kulinda tangi hilo kama mtu anayelinda benki. Tulikua tukiamini kwamba ugonjwa tuliuacha mlimani.

Mimi na Wekoye tulikaa Bungoma miaka mitano. Katika mwaka wa pili nilianza kuhisi baridi mchana, jua likiwaka. Nilinenepa bila kula. Sauti yangu ilikwaruza mpaka watoto wa darasa la nne wakaniiga. Nilisinzia nikisahihisha vitabu. Mimba ya kwanza iliharibika, kisha ya pili. Mwalimu mkuu aliniandikia barua mbili za onyo. Mama mkwe wangu, Sellah, aliwaambia wenzake wa kanisani kwamba mwanawe aliletewa gunia la mahindi akaambiwa ni mke. Mwaka 2004 Wekoye alisimamisha pikapu iliyokuwa ikitoka soko la Chwele kuja Kitale, akapakia sanduku langu kati ya magunia ya vitunguu, akamwomba dereva anishushe kwetu. Hakunipiga wala hakunitukana. Wekoye alikuwa mstaarabu.

Mwaka uliofuata, daktari mmoja mjini Kitale alinitazama uso kabla sijaketi. Aliona kwamba nyusi zangu zimeisha kwenye ncha za nje. Aliishika shingo yangu kwa vidole viwili, akaagiza nitolewe damu, na damu hiyo ikapelekwa Eldoret. Majibu yaliporudi alinieleza kwa utaratibu. Mbele ya koo kuna tezi iitwayo thairoidi, na tezi hiyo ndiyo inayoamua mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Kinga ya mwili wangu, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imeigeukia tezi hiyo na kuiharibu polepole. Mwili uliopungukiwa hivyo hupoa, huvimba, na mara nyingine hushindwa kubeba mimba.

Aliniuliza kama kuna mwingine kwetu. Nilimtaja tata, nikaongeza haraka kwamba yake ilisababishwa na maji. Daktari akauliza habari ya macho yake. Nilipomweleza, alisema kwamba ukosefu wa madini joto, yaani ayodini, kwenye chakula unaweza kuvimbisha shingo, lakini hautokezi macho namna hiyo. Kisha akaniambia jambo ambalo nilipaswa kuliandika ukutani. Watu hawarithi ugonjwa huu moja kwa moja. Hurithi uwezekano wa kuupata. Katika familia moja, kosa hilo hilo la kinga linaweza kuilemaza tezi ya mmoja na kuichochea ya mwenzake. Wanawake hupatwa zaidi. Wengine hawapatwi maisha yao yote. Anayetaka kuzaa ndiye wa kupimwa kwanza.

Nilianza kumeza tembe moja kila asubuhi kabla ya chai. Baada ya miezi mitano sauti yangu ilirudi. Nilimwandikia Wekoye kumweleza. Alinijibu kwa barua safi yenye aya tatu. Katika ya kwanza alinipongeza kwa kupona, katika ya pili alinijulisha kwamba ameoa, katika ya tatu alinitakia heri.

Kwa hiyo nilipoona Mukami anakonda, sikufurahi pamoja na wengine. Alikuwa akiuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini, na wateja walimsifu kwamba anajiandaa kuvaa gauni. Mimi niliona kwamba anakula sahani mbili na bado sketi inampwaya. Niliona mikono yake ikitetemeka akimimina dawa ya kupe. Mwezi wa Julai, Kitale yote ikiwa imejifunika, yeye alilala bila blanketi. Siku moja nilimshika kifundo cha mkono akiwa ametulia kitini, nikahesabu mapigo kwa saa yangu. Yalikuwa mia moja na ishirini kwa dakika.

Siku moja baada ya baba kunipa habari za ng'ombe, nilimwambia Mukami aende kupimwa damu kabla ya jambo lingine lolote. Alikuwa akipiga pasi. Hakuinua macho.

"Dada, si wewe ndiye Wahu?" aliniuliza.

Nilielewa mara moja. Kwetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili jina la mama yake mama. Watu husema kwamba mtoto hufuata upande wa jina lake kwa tabia, kwa mwendo, hata kwa meno. Mimi niliitwa Wahu kwa ajili ya nyanya mzaa baba, ambaye sikumkuta. Mukami aliitwa kwa ajili ya nyanya mzaa mama, aliyefika miaka tisini na shingo nyembamba kama ya kuku. Tangu utotoni tuligawanywa hivyo. Nikivunja kikombe, ni wa kwa baba. Mukami akipata alama nzuri, ni wa kwa mama.

"Mimi nilienda kwa akina mama," alisema. "Hiyo yenu ni ya huko kwa baba. Yako na ya tata."

"Damu haisomi majina, Mukami."

"Basi isome Jumatatu. Nitaenda na wewe kwa huyo daktari wako, naapa. Lakini nipe Jumamosi. Uko na uso wa hospitali, dada, hata ukicheka. Watataka kujua kwa nini ulirudi nyumbani."

Khisa alikuwa ameambiwa kwamba dada mkubwa wa Mukami ni mwalimu anayefanya kazi mbali sana. Hatukuwa tumewahi kuonana. Nilimwambia Mukami kwamba ninakubali, na kwamba Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa namngoja nje ya kliniki. Aliniahidi mara mbili. Ilikuwa biashara ya haki. Mimi nifichwe siku moja, yeye aokoke.

Jumamosi niliamkia Endebess. Ng'ombe wa tata alisimama zizini akitafuna, amekonda, hana mimba. Tuliketi barazani tukachambua maharagwe. Nilimsimulia tata yale aliyoyasema daktari kuhusu maji na macho. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la leso aliyozoea kuifunga shingoni.

"Maji gani?" alisema. "Mama alitoka Nyeri na shingo hii hii. Baba yako ndiye alimbeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Maji ya huku tulikuwa hata hatujayaonja. Na ni ugonjwa huo huo uliomuua."

Nilimuuliza kama baba anakumbuka. Alisema anakumbuka vizuri sana. Habari za maji zilianza mwaka ambao watu walikuja kumwangalia yeye, Rosaline, wakanywa uji, wakatazama shingo yake, wakaenda na hawakurudi. Kaka yake aliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena katika nyumba yake. Akatafuta kitu cha kulaumu ambacho mtu anaweza kuhama akakiacha.

Nilikuwa nimebeba jina la nyanya yangu miaka thelathini na moja bila kuambiwa kilichomuua.

"Siku yako nilikaa hapa hapa," tata aliendelea. "Nilichambua maharagwe kama leo. Niliambiwa ni kwa faida yako. Kama ningekuja, ungeolewa?"

"Pengine singeolewa."

"Na sasa uko na huyo bwana?"

 Tata alisimama, akafungua leso shingoni, akaitundika kwenye msumari, akasema twende Kitale.

Tulifika saa nane mchana. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazimwa uani, watu wanane, na sufuria zilikuwa zimefunuliwa. Mama yake Khisa, Nakhumicha, alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Karibu naye aliketi shemeji yake Festus, mzee wa mizaha. Baba alituona langoni. Aliitazama shingo ya dada yake iliyokuwa wazi. Alisimama, akapangusa mikono, akatukaribisha kwa furaha kubwa.

"Hawa ni majirani wetu wa zamani kule Endebess," aliwaambia wageni. "Wamekuja kutusaidia jikoni."

 Nilimngoja tata aseme neno. Yeye ndiye aliyekuwa amevua leso, yeye ndiye aliyesema twende. Alimtazama kaka yake, kisha akainamisha kichwa.

"Ndiyo," alisema. "Sisi ni majirani."

Nakhumicha hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. Aliuliza, kwa heshima, kama shingo ya huyu mama ni ya kuzaliwa au imeletwa na maji. Baba alijibu kwamba ni maji, na kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomhamisha huko.

"Basi sisi tunywe chai tu," Festus alisema. "Maji tuwaachie majirani."

Walicheka wote. Baba alicheka kwa sauti kuliko wote. Mukami alitusogelea na birika na beseni akatunawisha mikono, kama wageni wanavyonawishwa. Maji yalimwagika nje ya beseni kwa jinsi mikono yake ilivyotetemeka. Alipoinama kwangu alinong'ona, "Jumatatu, dada. Nimeapa." Nilikuwa na maneno tayari mdomoni. Niliyameza. Nilijiambia kwamba Jumatatu ni kesho kutwa tu. Nilimfuata tata jikoni, nikamkuta anamenya viazi ambavyo hakuna aliyevihitaji.

Jumatatu niliketi nje ya kliniki kuanzia saa mbili hadi saa sita. Mukami alisema jioni kwamba mwenye duka alimzuia. Jumatatu ya pili alikuwa Bungoma akipimwa gauni. Ya tatu aliniambia kwamba kutetemeka kumepungua. Mwezi wa Oktoba alisema ukweli. Kitale ni mji mdogo, Khisa ana binamu sokoni, na msichana akionekana akiingia kwa daktari mara mbili kabla ya harusi, watu huhesabu miezi. Nilikuwa na nambari ya simu ya Khisa kwenye kipande cha karatasi. Niliitoa mara nyingi nikaitazama. Sikupiga. Wakafunga ndoa mwezi wa Desemba, kanisani Bumula, na majirani wa Endebess hawakualikwa.

Mei 2007 Khisa alimpigia baba simu. Mukami alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa na homa kali, alitapika, na moyo wake ulikwenda mbio mpaka ukaonekana ukipiga kwenye nguo. Zahanati moja ya kijijini ilikuwa imemtibu malaria siku mbili, na sasa amehamishiwa hospitali mjini Bungoma. Baba alilalamika kwamba goti lake haliwezi safari.

"Nenda wewe," aliniambia. "Lakini usiwachanganye watu."

Nilimkuta kitandani, macho yamefunguka mno, midomo imekauka. Alinitambua lakini hakuweza kusema. Khisa alisimama upande mmoja na mama yake upande wa pili. Mtoto alikuwa amekufa tumboni tangu jana yake. Daktari, kijana mwenye miwani, aliigusa shingo ya Mukami, akasita, akauliza kama katika familia ya mgonjwa kuna mtu yeyote mwenye ugonjwa wa tezi.

"Hakuna," alisema Nakhumicha. "Tulienda kwao sisi wenyewe. Tuliwaona wote. Ni watu wenye afya."

Hakuwa amesema uongo. Alikuwa ametazama kila mtu aliyeonyeshwa.

"Mimi ninao," nilimwambia daktari. "Shangazi yetu anao. Nyanya yetu mzaa baba aliufia."

Daktari alinitazama, akaandika, akamwita muuguzi. Hakungoja majibu ya damu. Katika saa hiyo hiyo walimpa dawa ya kuizuia tezi na nyingine ya kupunguza kasi ya moyo. Ilichukua sekunde chache tu kusema sentensi hizo tatu. Nilikuwa nimekaa nazo miezi tisa.

Nakhumicha alizunguka kitanda akaja mbele yangu.

"Wewe si yule jirani?"

"Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Yule mama mwenye shingo ni dada yake baba."

Hakupandisha sauti. "Kumbe mlitukalisha," alisema, "mkatupikia, na mkatucheka." Alifunga chupa yake ya chai, akakusanya vikombe kimoja kimoja ndani ya kikapu, akaondoka. Khisa alibaki mpaka jioni. Alimuuliza Mukami swali moja tu, kama alijua. Mukami alifumba macho, na Khisa akachukua hilo kuwa jibu. Siku ya tatu nguo za Mukami zililetwa na mtu wa bodaboda, zimekunjwa vizuri, na juu yake kuna cheti cha kliniki ya wajawazito.

Siku ya tano mapigo yake yalishuka chini ya mia. Homa ilikuwa imeisha. Aliomba nimwinue, nikamwekea mto mgongoni. Nilidhani anataka kula. Nilianza kumweleza kwamba tutaanza upya, kwamba dawa hizi hufanya kazi, kwamba mwanamke aliyetibiwa anaweza kuzaa bila shida. Aliniacha nimalize. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini imetulia, kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima.

"Siku ile uani," alisema, "ungesema, ningekuchukia mpaka kufa."

"Najua."

"Na ningepimwa. Ningekasirika, ningelia, lakini ningepimwa, kwa sababu Khisa angeshaenda na singekuwa na kitu cha kuficha. Wewe ulijua hivyo. Wewe ndiye uliyesoma." Alijiinua kidogo kwenye mto. "Mbona hukukubali kuchukiwa, dada?"

 Ningeweza kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeapa, yeye ndiye aliyekwepa Jumatatu zote. Lingekuwa kweli, na lisingekuwa jibu. Ilikuwa saa nane, wakati wa dawa. Nilimmiminia tembe kiganjani na kumpa maji. Alizimeza, akanirudishia kikombe, akaugeukia ukuta.

Kesho yake aliruhusiwa kuondoka. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la anayemchukua mgonjwa na uhusiano wake naye. Niliandika Wahu Gathii, dada. Muuguzi alimwonyesha Mukami athibitishe. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko fomu hiyo ilivyostahili, kisha akatia sahihi bila kunitazama.